Nairobi niliyoikuta si ile niliyorithishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kuwashauri Watanzania wanaokwenda Nairobi kwamba wamalize shughuli zao mchana, wajifungie vyumbani jua likizama, na wasimwamini mtu yeyote wasiyemjua. Sina nia ya kumdhihaki, kwa sababu hadi mwezi uliopita mimi mwenyewe ningeweza kuiandika barua ile neno kwa neno, tena kwa uhakika mkubwa kuliko wake, ingawa katika miaka sitini na minane ya maisha yangu nilikuwa sijakanyaga Nairobi hata siku moja. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu: kwamba nilikuwa na hakika kiasi kile juu ya mji nisioujua, na kwamba hakika hiyo nilipewa na wengine, kama mtu anavyorithishwa shamba bila kuonyeshwa mipaka yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Same. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli katika stesheni ya hapa, kwenye njia ile ya Tanga hadi Moshi ambayo pale Kahe iliungana na tawi la kwenda Voi, na hivyo kutufungulia njia ya kufika Mombasa na Nairobi. Zama zile reli ilikuwa mali ya nchi tatu na makao yake makuu yalikuwa Nairobi, kwa hiyo jina la mji huo lilitajwa nyumbani kwetu kwa heshima. Ratiba zilitoka Nairobi, sare zilitoka Nairobi, na barua za kumhamisha mtu kituo zilitoka Nairobi. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa tena mwaka 1983 mimi nilikuwa tayari mwalimu mwenye chaki mkononi, na Nairobi ilikuwa imekwisha kugeuka neno lingine kabisa.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka tulivyoambiwa kuwa ng'ambo ya mpaka ni nchi ya manyang'au, watu wanaolana wao kwa wao kwa ajili ya fedha, na watakumbuka pia jibu lililotoka huko, kwamba heri kulana kuliko kukosa cha kula. Nani alikuwa na haki katika majibizano yale si hoja yangu leo. Ninachokiri ni kwamba neno hilo la manyang'au nimelifundisha darasani mwaka hadi mwaka kana kwamba ni jina la kabila, na wanafunzi wangu, ambao baadhi yao sasa ni wazee wenye wajukuu, walilichukua kama walivyochukua ngeli za majina.

Baadaye yakaongezeka mambo ambayo hayakuwa maneno matupu. Katika miaka ya tisini ujambazi wa bunduki Nairobi ulikuwa wa kweli, kiasi kwamba wenyeji wenyewe waliubatiza mji wao jina la utani linalolichanganya jina lake na neno la Kiingereza la unyang'anyi. Likaja bomu la mwaka 1998, zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaja shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013. Kila moja ya habari hizo ilikuwa habari, na magazeti yalikuwa na wajibu wa kuiandika. Hata hivyo, mtu anayeishi mbali huzipokea habari hizo zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine kama matofali, wala kati yake hapokei hata siku moja ya kawaida, na mwisho hujikuta amejengewa ukuta. Vijana waliojiita Panya Road walipoisumbua Dar es Salaam, hakuna hata mmoja wetu aliyeacha kwenda kumwona ndugu yake Temeke, kwa kuwa Dar es Salaam tunaijua, na mtu anayeujua mji huziweka habari mbaya mahali pake.

Safari yangu ilitokana na mpwa wangu anayefanya kazi Nairobi na ambaye amemwoa binti wa huko. Alinialika kila Krismasi kwa miaka saba na kila Krismasi nikapata sababu. Safari hii alinitumia nauli kabisa, na Mpare akishatumiwa nauli hana tena pa kujificha. Mke wangu alinishonea mfuko wa siri upande wa ndani wa suruali, jirani yangu akanishauri niweke noti nyingine ndani ya soksi, na mtani wangu Mchagga akasema majambazi wa Nairobi hawatapata chochote kwa Mpare hata wakimgeuza miguu juu. Nilicheka, lakini noti niliziweka ndani ya soksi.

Kutoka Same nilikwenda Arusha, na kesho yake asubuhi nikapanda gari la Namanga. Pale mpakani, ambapo siku hizi idara za nchi zote mbili zinakaa chini ya paa moja, nilivuka na pasipoti yangu bila usumbufu wowote. Hasara pekee niliyoipata katika safari nzima niliipata hapo, tena upande wetu, kwa kijana mmoja wa kubadilisha fedha aliyezihesabu noti mara tatu mbele ya macho yangu na bado zikapungua nilipozihesabu mwenyewe garini. Naliandika jambo hili kwa sababu nilipigiwa kelele za tahadhari juu ya Wakenya kwa miaka arobaini, na hakuna aliyenitahadharisha juu ya kijana yule aliyeniamkia shikamoo.

Tuliingia Nairobi saa moja ya jioni baada ya kukwama kwenye foleni kuanzia Mlolongo, juu yetu ikipita ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo wenye haraka na wenye fedha huitumia huku wengine tukitazama nguzo zake. Gari lilitushusha jirani na River Road. Msomaji asiyejua ajue kwamba katika masimulizi yote ya kutisha niliyowahi kuyasikia juu ya Nairobi, River Road haikukosekana, na hapo ndipo mpwa wangu aliponipigia simu kuniambia kuwa naye amekwama kwenye foleni na kwamba atachelewa kama saa moja. Nilisimama kando ya barabara na begi langu, taa za maduka zikiwaka, watu wakipita kwa mwendo wa kasi ambao huku kwetu mtu huutumia akiwa amefiwa.

Ndipo mama mmoja mwenye kibanda cha chai akanipigia kelele, "Wewe mzee, unataka nini hapo? Kaa huku ndani!" Kwa sikio la Mtanzania lile lilikuwa tusi. Nilikaribia kumjibu kwa ukali wa mwalimu, kisha nikaona amekwisha kufuta benchi kwa kitambaa na kusogeza masufuria ili begi langu lipate nafasi. Aliniambia nisisimame pale nje na simu mkononi kwa sababu kuna vijana wanaopita na kupokonya. Aliniuzia chai ya maziwa, akaniuliza natoka wapi, na kila baada ya dakika chache akanyoosha shingo kutazama kama mpwa wangu amefika. Kwa hiyo msomaji mwenzangu hakudanganya aliposema kwamba wezi wapo. Wapo, na wa kwanza kuniambia alikuwa mwenyeji. Alichokosa kusema ni kwamba kwa mwizi mmoja aliyekuwa akipita mtaani kulikuwa na mtu ambaye hakunijua hata kidogo na aliyeacha biashara yake kidogo ili nisikutane na mwizi huyo.

Nimelitafakari sana lile swali la "unataka nini", kwa kuwa kazi yangu ilikuwa lugha. Naamini nusu ya sifa mbaya ya Nairobi miongoni mwetu haitokani na majambazi, inatokana na sarufi. Sisi tumezoea kuomba hata kile tunachokilipia, kwa hiyo tukiingia mkahawani tunasema "naomba chai", na mhudumu anatukaribisha, anatupa pole ya safari, kisha chai inakuja ikiwa imepoa. Mkazi wa Nairobi husema "nipe chai" au "leta chai", chai ikaja inafuka moshi, na baina ya aliyesema na aliyeambiwa hakuna aliyejiona amedharauliwa. Wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, waliyoipata baada ya Kikuyu, Kikamba, Kiluhya au Kijaluo, na wameichukua kama chombo cha kazi, wala hawakuletewa pamoja na mito na mashuka ya adabu ya pwani. Vijana wameichanganya na lugha nyingine zote mpaka ikazaliwa Sheng, na katika Sheng hiyo makanga wa matatu, yaani kondakta wa daladala zao, aliniita "buda", neno ambalo nililipokea kwa uso mgumu hadi mpwa wangu aliponieleza kuwa maana yake ni baba au mzee. Nakiri kwamba wiki nzima niliisubiri shikamoo barabarani na sikuipata isipokuwa kwa watoto wa mpwa wangu. Niliikosa, na sitasema uongo kwamba sikuikosa. Lakini kumwita mtu jambazi kwa sababu hakukuamkia ni kosa ambalo mwalimu wa lugha hapaswi kulifanya, na mimi nimelifanya.

Kesho yake zile noti za soksi zikaniaibisha. Tulikula chapati na maharage, mlo ambao wao huuita chapo madondo, katika kibanda cha wafanyakazi, na wakati wa kulipa nikainama, nikafungua kamba ya kiatu mbele ya wateja wote. Mwenye kibanda alinitazama kwa subira kubwa, kisha akanionyesha namba ya M-Pesa iliyobandikwa ukutani. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007, na ingawa nasi tunazo namba zetu za kulipia, sijawahi kuona mahali ambapo fedha ya karatasi imekuwa adimu mikononi mwa watu wa kawaida kama pale. Muuza ndizi analipwa kwa simu, na hata nauli ya matatu watu huilipa kwa simu. Sina takwimu za kuthibitisha, lakini nilijiuliza mnyang'anyi wa miaka ya tisini, aliyezoea kumgeuza mtu miguu juu ili noti zidondoke, siku hizi angepata nini zaidi ya simu yenye namba ya siri na viatu vya mwalimu mstaafu.

Matatu zenyewe sitazisifu kupita kiasi. Zina muziki unaotikisa mbavu, na zile zilizochorwa picha za rangi kali kila upande, ambazo vijana huziita nganya, zinaendeshwa kana kwamba barabara ni ya baba yao. Nilipanda moja kwenda Ngong na nikasali njiani. Mpwa wangu aliniambia kuwa kabla ya zile kanuni za mwaka 2004, ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina la aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, na ambazo zilileta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilimwamini bila kutaka ushahidi.

Jumamosi alinipeleka msitu wa Karura. Nilikuwa nimelisikia jina hilo zamani, kwa sababu palitajwa kuwa mahali ambapo magari yaliyoporwa hupelekwa na maiti hutupwa. Sasa fikiria nilichokiona: watoto wakiendesha baiskeli, mabibi wa makamo wakitembea wawili wawili kwa mazoezi, msichana akikimbia peke yake kwenye njia yenye miti pande zote mbili, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha. Nilimwuliza mpwa wangu kama yule msichana haogopi, naye akaniuliza amwogope nani.

Msitu huo, wenye hekta zaidi ya elfu moja ndani ya jiji, haukubaki hivyo kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya tisini vipande vyake vilikuwa vimekwisha kugawiwa watu wajenge majumba, na mtetezi wa mazingira Wangari Maathai akaenda na wenzake kupanda miche kwenye ardhi iliyogawiwa. Mwezi Januari 1999 walivamiwa na watu waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Miaka kumi kabla ya hapo ni yeye huyo aliyepinga jengo la ghorofa sitini lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, wakati wakubwa wakimkejeli hadharani, na jengo halikujengwa. Msitu ulipowekewa uzio wa umeme na walinzi, na wakazi wa jirani wakashirikiana na idara ya misitu kuutunza, uliokuwa ukiogopwa ukawa mahali pa kupumzikia. Huku kwetu habari ya maiti za Karura ilitufikia upesi sana. Habari ya baiskeli za Karura, ambayo sasa ina zaidi ya miaka kumi, ilikuwa bado haijafika Same nilipoondoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinigusa kuliko yote, na naomba Mhariri usilikate hata kama nafasi ni finyu. Baba yangu alipokuwa hai alikuwa akituambia sisi watoto kwamba huko Nairobi kuna kichwa cha treni kikubwa mno ambacho kinaitwa Shengena, kwa jina la mlima wetu. Mlima Shengena, kwa wasioujua, ndio mrefu kuliko yote ya Upare, una zaidi ya mita 2,400, na katika msitu wake wa Chome wazee wetu walikuwa na mambo yao ambayo si ya kuandikwa gazetini. Tulimsikiliza baba kama tulivyomsikiliza akitusimulia habari za sungura na fisi. Nani angechukua jina la mlima wa Wapare akalibandika kwenye treni ya Nairobi? Tulipokua tulikuwa tukimtania kwa maneno hayo, naye alikuwa akinyamaza.

Jumba la makumbusho ya reli lipo nyuma ya stesheni kuu ya Nairobi. Lilifunguliwa mwaka 1971, wakati shirika lilikuwa bado letu sote. Ndani wameweka, pamoja na mengine mengi, lile behewa ambalo mwaka 1900 katika stesheni ya Kima simba aliingia usiku na kumtoa ofisa wa polisi wa reli aliyekuwa amelala akimvizia simba huyo huyo, na wageni wengi husimama hapo kwa muda mrefu. Mimi nilitoka nje kwenye uwanja wa mashine kuukuu, penye majani marefu na kutu, nikaenda nikisoma mabamba moja moja. Pale vipo vichwa vya aina ya Garratt vya daraja la 59, vilivyotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya hamsini, thelathini na vinne kwa jumla, vyenye uzito wa zaidi ya tani 250 kila kimoja, vikubwa kuliko vyote vya mvuke vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja duniani, na vilikuwa vikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimojawapo ni Gelai, mlima ulio kando ya ziwa Natron. Na kingine, namba 5930, bamba lake limeandikwa Shengena.

Nilisimama mbele ya bamba lile mpaka mpwa wangu akadhani nimezidiwa na jua. Palikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi waliokuja na mwalimu wao, na mmoja akamwuliza mwalimu Shengena ni nini, mwalimu naye akasema ni mlima, lakini hajui uko wapi. Sikuweza kujizuia. Niliwaeleza uko wapi, wafike Voi kisha Taveta, wavuke mpaka, wapite Moshi na kushuka kuelekea Tanga, wautafute mkono wa kushoto wakishafika Same. Nikawaambia kwamba kuna watu wanaishi huko na mimi ni mmoja wao. Mtoto mwingine aliuliza kama kichwa kile cha treni kiliwahi kufika kwenye mlima wake, nikamjibu kwamba hakikufika, jina tu ndilo lililosafiri.

Katika yote niliyowahi kuambiwa juu ya Nairobi tangu utoto wangu, hili lilikuwa jema, lilikuwa la kweli, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kulijua, nami ndilo pekee nililokataa kuliamini.

Jioni hiyo tulialikwa nyumbani kwa mama mkwe wa mpwa wangu, mama mmoja mkarimu aliyenipikia mukimo na mbuzi wa kuchoma. Baada ya chakula alinikaribia, akashusha sauti, akasema, "Mwalimu, samahani, kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza. Binti yangu anasema Krismasi hii mtawapeleka watoto kwenu. Ni kweli huko Tanzania uchawi umejaa hivyo tunavyosikia?" Akaniambia amesikia juu ya watu wenye ualbino, amesikia juu ya Tanga, amesikia kwamba mtu akikupa chakula usile. Nilifungua mdomo ili nikasirike, nikaukumbuka mfuko wangu wa siri, nikafunga mdomo. Habari za mauaji ya watu wenye ualbino si uzushi, yalitokea na yametutia aibu, lakini yule mama alikuwa amepangiwa matofali kama mimi. Nilimweleza jinsi tunavyoishi Same, bei ya tangawizi, baridi ya milimani, ugomvi wetu maarufu wa mipaka ya mashamba. Alitulia, ingawa aliniomba nimpigie simu watoto wakishafika.

Sikuona kila kitu. Hifadhi ya wanyama iliyo mlangoni mwa jiji tangu mwaka 1946 niliipita tu, kwa kuwa mtu anayetoka jirani na Mkomazi hasafiri siku mbili kwenda kutazama swala. Kibera, ule mtaa wa mabanda, sikwenda kwa sababu sioni adabu ya kwenda kuwatazama watu kwa kuwa ni maskini. Lakini hata hapo pana jambo la kujifunza juu ya sifa za miji, maana kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipowahesabu wakapatikana takriban 170,000. Umaskini wao haukupungua kwa kuhesabiwa, ila ilidhihirika kwamba ubaya wa Nairobi ulikuwa ukizidishwa hata katika namba. Nilikwenda pia kwenye bustani ndogo ya kumbukumbu iliyo pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani, ambapo tarehe 7 Agosti 1998 walikufa watu zaidi ya 200. Majina yao yako ukutani. Asubuhi ile ile, karibu saa ile ile, watu 11 walikufa Dar es Salaam kwa mkono ule ule, na nikiwa nimesimama pale sikuona ni kwa hoja gani mji mmoja kati ya miwili hiyo unaitwa wa hatari na mwingine unaitwa bandari ya salama.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba nimerudi nikiwa mpiga debe wa Nairobi. Maisha huko ni ghali, foleni zinakula saa za watu, takataka nimeziona, na vijana walioandamana mwezi Juni 2024 na wengine wao wakauawa kwa risasi ni watoto wa mji huo huo ninaousema. Ni jiji la watu 4,397,073 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, dogo kuliko Dar es Salaam yetu yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, na lina matatizo ya ukubwa huo. Ninachokataa ni kuliweka katika kundi la miji ya kuogopwa na kuwafundisha watoto wetu hivyo, wakati basi kutoka Arusha linafika huko mchana mmoja.

Ndiyo maana, Mhariri, ninaleta ombi kwako na kwa wenzako wa magazeti mengine. Mnaye mwandishi, au mnaweza kumpata, aliye Nairobi hata siku ambazo hakuna bomu, uchaguzi wala maandamano. Mwambieni aandike bei ya vitabu vya mitumba barabarani, aandike jinsi wakazi walivyoiokoa bustani ya Jeevanjee isijengwe, aandike jinsi Kiswahili kinavyofundishwa huko tangu katiba yao ya mwaka 2010 ilipokifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na yule msomaji mwenzangu, kama anaisoma barua hii, namwomba anijibu swali moja kupitia safu hii: alikwenda Nairobi mwaka gani, na alikaa siku ngapi? Kama jibu lake ni kama langu la kabla ya mwezi uliopita, asione haya kulisema.

Nimeambatisha picha ya kile kichwa cha treni namba 5930, bamba lake likisomeka vizuri. Wapo hapa Same watoto wengine wa wafanyakazi wa reli ambao baba zao waliwaambia habari ya Shengena wasiamini, na ningependa waione.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Same, Kilimanjaro.